Hita Iliyokuwa Nzima

Asubuhi ya tatu tangu Veijo Härkönen akutwe ameganda ndani ya lori, mpelelezi Helinä Kurkela aliingiza gari lake kwenye yadi ya akina Tolonen, akazima taa, akabaki ameketi usukanini. Giza lilikuwa bado limejaa. Januari katika wilaya ile jua huchungulia kidogo juu ya misonobari kisha likajiondokea, na siku hizo hata kuchungulia halikuchungulia. Baridi ilikuwa imepita digrii thelathini chini ya sifuri. Moshi wa dohani ya nyumba ulipanda wima, haukutikisika.

Mkononi alikuwa na ripoti ya daktari. Haikuwa ndefu. Veijo, dereva, mtu wa makamo aliyekaribia kustaafu, alikufa kwa baridi. Damu yake ilikuwa na pombe nyingi. Hakuwa na jeraha wala alama ya kushikwa au kuburutwa. Alikutwa amejikunja kwenye kitanda kile chembamba cha nyuma ya viti, amejifunika blanketi moja, na buti zake zimepangwa vizuri chini, kama mtu aliyejua ataamka azivae.

Mkuu wa Helinä kule Kajaani alishaisoma ripoti hiyo na kuamua palepale: mlevi, usiku wa baridi kali, basi, jalada lifungwe. Helinä aliomba siku moja zaidi. Alipoulizwa ya nini, alijibu kwamba ni kwa sababu ya hita.

Hita yenyewe ilikuwa kidude kidogo cha umeme kilichofungwa sakafuni mbele ya kiti cha abiria. Swichi yake ilikutwa imezungushwa mpaka mwisho. Fundi wa polisi aliijaribu, ikapuliza hewa ya moto ya kutosha kukausha godoro. Haikuwa na kasoro hata ndogo. Na picha alizopiga konstebo Kemppainen, askari wa kwanza kufika, zilionyesha waya wa lori ukiwa umechomekwa kwenye nguzo ya umeme ya yadini. Waya huo mmoja ndio unaopasha injini usiku kucha ili asubuhi iwake, na ndio huohuo unaoilisha hita. Mtu hagandi akiwa amelala karibu na hita nzima iliyowashwa. Jambo hilo lilikuwa limemkaa Helinä kooni kama mwiba wa samaki.

Mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka Raakel Tolonen, mwenye mali. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, amevaa ovaroli ya mumewe iliyomzidi urefu, simu ameibana kati ya sikio na bega huku akivaa glavu. Mumewe, Aarne, alipooza upande mmoja miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo malori matatu na watu wote waliokuwa juu yake vilimwangukia Raakel. Kazi yao ilikuwa kubeba kuni zilizosagwa kutoka msituni na kuzipeleka kwenye mtambo unaopasha maji ya nyumba za mji mzima. Baridi ikizidi, mtambo unakula zaidi, na simu ya Raakel haipoi.

Helinä alishuka, akasimama kando akimsikiliza. Mtu wa mtambo alitaka shehena mbili kabla ya jioni. Raakel alimweleza kwa sauti isiyopanda wala kushuka kwamba dereva wake mmoja yuko kwao Estonia anaugulia mgongo, mmoja amefukuzwa, mmoja amekufa, na wa nne amesema hagusi usukani wiki hii. Akasikiliza. Kisha akasema atakuja mwenyewe, na simu akaitia mfukoni.

“Hakuuliza hata atazikwa lini,” alimwambia Helinä badala ya salamu.

Walitembea pamoja kuelekea kwenye malori. Matatu yalikuwa yameegeshwa kwa safu. Lile la mwisho lilizungushiwa utepe wa polisi; hilo ndilo la Tuomo Leskelä, dereva wa nne, aliyemkuta maiti, na ndilo alilofia Veijo. La katikati lilikuwa la Veijo mwenyewe. Malori hayo mawili yalishirikiana nguzo moja ya umeme yenye soketi mbili na fyuzi moja.

Helinä aliuliza kwa nini Veijo alale kwenye lori la mwenzake ilhali lake liko hapohapo. Raakel alisema hita ya lori la Veijo ilikufa tangu kabla ya Krismasi, na kipuri kilikuwa kimeagizwa. Akaulizwa kama alijua kwamba dereva wake analala yadini. Raakel aliinama kufunga zipu ya buti, akachukua muda na zipu ile.

“Nilijua mkewe amembadilishia kitasa,” alisema akiwa bado ameinama. “Alikolala halikuwa neno langu. Hawa ni watu wazima.”

“Na ufunguo wa lori la Tuomo aliutoa wapi?”

“Funguo za akiba zinaning'inia ofisini. Nadhani sikufunga mlango siku ile.”

Helinä aliyaandika maneno hayo yalivyo. Aliona kwamba Raakel hakumtazama tangu jina la Veijo lilipotajwa, lakini mtu aliyefiwa na mfanyakazi ana haki ya kutazama buti zake.

Akauliza habari za umeme. Shirika la umeme lilishamwambia kwamba usiku ule haukukatika popote wilayani, ila alitaka kujionea. Raakel akampeleka jikoni. Aarne alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini, akamwinamishia mgeni kichwa. Saa ya jiko la umeme ilionyesha wakati sahihi. Helinä alikuwa na jiko la aina hiyo nyumbani kwake. Umeme ukikatika hata kidogo, saa inarudi sifuri na kuanza kumetameta mpaka mtu aiweke sawa. Alimwuliza Raakel kama aliigusa wiki hii. Raakel alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akasema hajui hata inavyowekwa, kazi hiyo ilikuwa ya Aarne.

Basi umeme haukukatika. Na siku maiti ilipokutwa, Kemppainen alikuwa amejaribu kuliwasha lori la Tuomo ili lipishe gari la wagonjwa, likagoma kabisa, injini ngumu kama jiwe. Lori la Veijo, kwenye nguzo hiyohiyo na fyuzi hiyohiyo, liliwaka mara moja, nalo ndilo lililolivuta lile jingine. Siku ile hakuna aliyejiuliza. Baridi ilikuwa kali, lori moja limewaka, jingine limegoma, mambo ya kila siku. Sasa Helinä alijiuliza. Injini ile haikupata umeme sehemu kubwa ya usiku, ingawa waya ulikutwa umechomekwa. Maana yake mtu aliuchomoa, na baadaye mtu aliurudisha.

Alama za vidole hazingemsaidia. Katika baridi ile hata mtoto mchanga ana glavu.

Alipomwambia Raakel, yule mama akalitaja jina moja bila kuulizwa: Pasi Moilanen. Huyo ndiye dereva aliyefukuzwa wiki iliyotangulia. Alikuja kazini ananuka bia ya jana, Raakel akamnyang'anya funguo mbele ya wenzake. Pasi aliondoka akipiga kelele kwamba ipo siku malori yote ya Tolonen yataganda yakiwa yamesimama, naye atakuja kuyacheka. Na jioni ya kabla Veijo hajakutwa, Aarne aliona kutoka dirishani pikipiki ya theluji ikipita nyuma ya gereji. Hapa kijijini pikipiki ya rangi ile ilikuwa moja tu, ya Pasi.

“Mbona hamkusema?” Helinä aliuliza.

“Aarne akisema neno, linachukua muda kufika,” Raakel alijibu. “Limefika jana.”

Akatoka nje kwenda kazini. Helinä alimtazama akichomoa waya wa lori la Veijo, akafunga kifuniko cha soketi, akauzungusha waya kwenye ndoano ya nguzo, ndipo akapanda. Lori likanguruma, likatoka yadini likiburuta wingu la theluji.

Pasi Moilanen aliishi peke yake kwenye nyumba ya marehemu mama yake, upande wa pili wa ziwa. Helinä alimkuta uani akipasua kuni bila kofia, ndevu zimeota barafu. Alikuwa kijana mrefu mwenye uso mwekundu, na alipoliona gari la polisi alipiga shoka kwenye gogo akaliacha hapohapo.

“Nilikuwa nasema mtakuja lini,” alisema. “Nimepika kahawa tangu juzi.”

Hakukataa kwamba alifika yadini jioni ile. Alisema alifuata buti zake za kazi, alizoziacha kwenye kibanda cha madereva, kwa sababu Raakel hakupokea simu zake. Buti akazionyesha, zilikuwa miguuni mwake. Alifika, akachukua, akaondoka. Malori yote yalikuwa yamesharudi, hakumwona mtu. Helinä alimkumbusha maneno aliyoyatamka siku aliyofukuzwa, akamwambia kwamba waya wa lori moja ulichomolewa usiku ule.

“Niliyatamka,” Pasi alisema. “Na leo ningeyatamka tena. Lakini afande, fanya hesabu kidogo. Mimi nikitaka kumtesa yule mama, nachomoa yote matatu, naenda zangu kulala nikitabasamu. Nichomoe moja ya nini? Tena la Tuomo, mtu ambaye hata hajawahi kunisemea vibaya.”

“Nani kakwambia ni la Tuomo?”

“Kijiji kizima kinajua kafia kwa nani. Hapa hakuna sinema.”

Helinä hakucheka. Alimwuliza kuhusu Tuomo, na hapo Pasi alipunguza kejeli. Alieleza kwamba Tuomo ana binti, Enni, anayekaa na mama yake huko Oulu. Kulikuwa na kesi ya nani akae na mtoto na baba amwone lini. Vikao viwili vilishapita bila Tuomo, kila mara kazi imembana. Hakimu alimwandikia kwamba cha tatu akikosa, kitaendelea bila yeye. Tuomo akaomba ruhusa mapema, Raakel akakubali kwa mdomo wake.

“Halafu mimi nikafukuzwa,” Pasi alisema. “Yule wa Estonia mgongo ukamshika. Raakel akamwambia Tuomo, samahani, hapana, mtambo unataka kuni. Kwa hiyo ukitafuta aliyeila ruhusa ya Tuomo, niandike mimi.”

“Kesi ilikuwa lini?”

Pasi alimtazama kama mtu anayeona swali limechelewa. “Siku ileile Veijo aliyokutwa.”

Helinä alifunga daftari lake taratibu. Pasi alisema ana miadi ofisi ya ajira, akaomba kuondoka kama hakamatwi. Akaenda kwenye gari lake dogo lililokuwa limeunganishwa na soketi ya ukutani, akachomoa waya, akautundika, kisha akafungua mlango.

“Ngoja,” Helinä alimwambia. “Kwa nini umechomoa kwanza?”

“Kwanza kabla ya nini?”

“Kabla ya kupanda.”

“Nikipanda kwanza nitaondoka na ukuta wa mama,” Pasi alisema, akimtazama kwa huruma.

Helinä alikaa ndani ya gari lake akampigia simu Kemppainen. Swali lake lilikuwa moja tu: alipofika yadini, waya wa lori la Tuomo alikuwa ameuona umechomekwa kweli, au alidhani tu? Kemppainen alisema ameuona, ameupiga picha, na ndiye aliyeuchomoa kwa mkono wake walipolivuta lori. Helinä alishukuru akakata. Kisha alikaa kidogo akitazama mbele, kioo kikiingia ukungu kwa pumzi yake.

Tuomo alikuwa kwenye kibanda cha madereva, chumba kimoja chenye meza, benchi, na mtungi wa kahawa uliokuwa haukauki. Tangu siku ya tukio alikuwa anapaka grisi trela ambayo haikuhitaji grisi. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono iliyopasukapasuka kwa baridi. Helinä alimwambia kwamba angependa wayapitie tena maelezo yake, na kwamba safari hii anamhoji kama mtu anayeweza kushtakiwa, hivyo ana haki ya kunyamaza na kuita wakili. Tuomo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hahitaji wakili. Helinä akawasha kinasa sauti, akakiweka mezani kati ya vikombe.

“Ulifika asubuhi. Ukafanya nini?”

“Nilifungua mlango wa lori. Nikamwona.”

“Kabla ya mlango.”

“Nilitembea kutoka kwenye gari langu.”

“Ukapita kwenye nguzo.”

“Nilipita.”

“Waya hukuuchomoa.”

Tuomo alitazama kikombe. “Nilisahau.”

“Unaendesha lori tangu lini, Tuomo?”

“Tangu nitoke jeshini.”

“Umewahi kupanda hata mara moja bila kuchomoa?”

Nje upepo mdogo uliinuka, ukasugua theluji kwenye ukuta wa mbao.

“Nimewaona watu wawili leo wakiondoa magari yao,” Helinä alisema. “Wote wawili walichomoa kwanza. Hawakufikiri, mikono ilijiendea yenyewe. Na wako ungejiendea hivyohivyo. Waya wako ulipaswa kukutwa umetundikwa kwenye ndoano. Umekutwa umechomekwa. Siku ile hukuwa na cha kuchomoa, kwa sababu waya ulikuwa nje tayari. Uliutoa wewe mwenyewe, jioni iliyotangulia. Asubuhi ukaurudisha.”

Tuomo alikaa vilevile. Kisha kitu fulani kikalegea mabegani mwake, kama mtu aliyetua mzigo mahali pabaya, akijua hawezi kuuinua tena.

Alieleza bila kuulizwa zaidi. Alimwomba Raakel mara ya mwisho siku ile mchana, kwa simu, akiwa msituni anapakia. Raakel alimwambia kama hatakuja kesho, basi asije tena. Tuomo alijua kwamba mtu asiye na kazi hana la kumwambia hakimu wa kesi ya mtoto. Akahitaji sababu ambayo si yeye. Lori likigoma kuwaka katika baridi ile, litashinda limesimama mpaka lipashwe moto, na dereva wake hana lawama. Hivyo jioni alipoegesha alichomeka waya kama kawaida, akazunguka, akatazama dirisha la jikoni, akarudi akauchomoa tena na kuuacha ndoanoni. Akaenda kulala kwake kijijini. Suti aliitundika mlangoni.

Kwamba Veijo analala yadini hakujua. Veijo hakumwambia, wala hakuna mwingine aliyemwambia. Mzee yule alikuwa na haya. Lazima aliingia baadaye, ametoka kunywa, akalikuta lori bado lina joto la safari ya mchana, akazungusha swichi na kulala bila kungoja kusikia kama hita inapuliza.

“Nilikuwa nimeshajipanga maneno,” Tuomo alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyomfanya Helinä ashindwe kumtazama. “Njia nzima nilikuwa nayarudia. Ya kumwambia bosi. Nikafungua mlango nikaona miguu kitandani. Nikasema, ‘Veijo, amka, gari limegoma kuwaka.’ Nilimwambia yeye. Nikamwambia tena. Nilidhani hanisikii.”

Tuomo aliitazama mikono yake.

“Halafu nikamshika,” Tuomo alisema.

Waya aliurudisha baada ya hapo. Hakujua kwa nini. Alisema labda alitaka apate joto. Alisema pia labda aliogopa. Vyote viwili vilikuwa vya kweli, na hakuweza kusema kipi kilitangulia.

Helinä alimwuliza habari za mahakama. Tuomo alisema kikao kilianza wakati yeye yuko kwenye gari la Kemppainen akitoa maelezo. Simu yake iliita mfukoni, hakuipokea. Jana wakili wa mama yake Enni alimtumia uamuzi: mtoto abaki Oulu, na habari ya kumwona itajadiliwa baba atakapoonyesha kwamba anajali.

“Hukumwambia Kemppainen kwamba unatakiwa mahakamani?”

“Ningemwambiaje? Mtu amekufa.”

Helinä alimweleza lililo mbele yake. Hatashtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mwendesha mashtaka huenda akaandika kusababisha kifo kwa uzembe, na kulikuwa na lile la kuharibu ushahidi. Tuomo aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayeelekezwa njia. Helinä akazima kinasa sauti. Walivaa makoti. Mlangoni Tuomo alirudi hatua moja, akamwaga kahawa yake kwenye sinki, akakisuuza kikombe na kukiinamisha.

Helinä alimketisha kiti cha nyuma cha gari la polisi. Hapo ndipo lori la Raakel lilipoingia yadini, tupu, taa zake zikiifagia theluji na ule uso uliokuwa nyuma ya kioo. Raakel alishuka kabla injini haijatulia. Alimwona Tuomo, akamtazama Helinä.

Helinä alimwambia kwa maneno machache. Alisema ni nani aliyechomoa, na alichomoa kwa nini. Raakel alisikiliza akiwa ameshika kishikio cha mlango wa lori, hakukiachia.

“Angeniambia kwamba ni mahakama,” alisema.

“Hakukwambia?”

Pumzi ya Raakel ilitoka nyeupe, ikatoweka, ikatoka tena.

“Aliniambia,” alisema. “Aliniambia mara nyingi. Kila mtu ananiambia kitu. Mgongo, mke, mtoto, meno. Nikimsikiliza kila mmoja, kuni nabeba mgongoni. Nikasikia mahakama, nikasema moyoni, haya, na hili nalo.”

Helinä alikuwa bado na swali moja, na aliona kwamba halihitaji kuulizwa kwa ukali.

“Mlango wa ofisi yako, Raakel. Siku ile ulikuwa wazi kweli?”

Yule mama aliangalia upande wa nyumba. Dirishani Aarne alikuwa mahali pake palepale, uso wake hafifu nyuma ya kioo.

“Mimi huwa nafunga,” Raakel alisema. “Hata nikienda kutoa takataka nafunga. Ufunguo nilimpa mimi. Veijo alikuwa analala kwenye lile lake lisilo na hita, kila siku, na mimi namwona asubuhi anavyotetemeka. Nyumbani hakutaka kuingia, alimwonea haya Aarne. Nikamwambia, kalale kwenye la Tuomo, hita yake ni nzima. Nikamwambia, Tuomo asijue, asije akakucheka. Watu wa bima wakijua nalaza watu kwenye malori wananifungia kazi. Kwa hiyo nikanyamaza.” Akalitazama gari la polisi. “Ningemwambia Tuomo neno moja tu.”

Helinä alisema atahitaji maelezo hayo kwa maandishi, kituoni, leo au kesho. Raakel hakuonekana kama amesikia. Aliachia kishikio, akavua glavu zake, akazipita hatua zile chache mpaka kwenye gari la polisi, akaufungua mlango wa nyuma mwenyewe. Helinä angeweza kumzuia. Hakumzuia.

Tuomo aliinua macho.

“Mimi ndiye niliyemlaza humo,” Raakel alimwambia. “Nilimpa ufunguo wako.”

Walitazamana. Baridi iliingia ndani ya gari na hakuna aliyeufunga mlango. Tuomo alimtazama bosi wake muda mrefu, uso wake hauna hasira wala msamaha, ila ule uchovu wa watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi bila kusemezana. Kisha akajivuta, akasogea upande wa pili wa kiti.

Raakel aliingia, akaketi pale alipoachiwa nafasi, akaufunga mlango. Lori lake lilibaki linanguruma katikati ya yadi. Helinä alienda akalizima, akachomeka waya wake kwenye nguzo, akarudi na kuwapeleka wote wawili mpaka Kajaani.